Sinia moja, watoto wawili: mwongozo kamili wa kulea mtoto mwenye siliaki na mwenye mzio mkali wa chakula hapa Tanga

Nina watoto wawili ambao hawawezi kula kila wanachopewa. Binti yangu ana miaka tisa na ana ugonjwa wa siliaki. Ngano haimfai hata chembe. Mdogo wake wa kiume ana miaka mitano. Yeye ngano anakula, ila korosho au karanga zikimgusa ulimi tu, midomo inavimba na kifua kinabana. Tunakaa Ngamiani, Tanga mjini, ambako asubuhi ni mahamri na mbaazi, na jioni ni kahawa kwa kashata.

Kwetu mtoto hapiti mlangoni kwa mtu akaondoka mikono mitupu. Atapewa kipande cha mkate, kaimati mbili, korosho za kiganjani. Nimelelewa hivyo na sitaki wanangu walelewe vinginevyo. Lakini mara zote tatu nilizokimbia hospitali na mwanangu, kilichomdhuru hakikutoka jikoni kwangu. Kilitoka kwa mtu anayempenda. Kwa hiyo nitaanza na vipimo na jiko, maana ndiko pa kuanzia, ila kazi kubwa iko kwa watu.

Ni maradhi mawili, usiyachanganye

Siliaki si mzio. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Kwa mtoto mwenye siliaki, gluteni ikifika utumbo mwembamba, kinga ya mwili wake mwenyewe inaushambulia utumbo huo. Ukuta wake wa ndani una vijinyama vidogo vilivyosimama kama nyuzi za zulia, navyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Vinaliwa mpaka ukuta unabaki bapa. Mtoto anakula, chakula kinapita, mwili haupati kitu. Dalili zinakuja polepole: kuhara kusikokoma, choo kingi chenye kunuka, tumbo kujaa, makalio kunywea, damu kupungua hata akipewa dawa ya kuongeza damu, kimo kusimama. Wapo wanaofunga choo badala ya kuhara, na wapo ambao tumbo haliwasumbui kabisa ila hawakui.

Mzio mkali ni wa dakika, mara chache hufika muda wa saa mbili. Mwili unaiona protini ya korosho, karanga, yai, maziwa, samaki au kamba kama adui, na unapambana nayo kwa mara moja: ngozi inatoka vipele vya kuwasha, midomo na macho vinavimba, mtoto anatapika, anakohoa, anakoroma kifuani, presha inashuka. Hali ikifika kwenye pumzi au kwenye damu inaua.

Tofauti hii ndiyo inayopanga kila kitu nyumbani. Kwa binti yangu, adui ni chembe za kila siku ambazo hata hazionyeshi dalili siku hiyo. Kwa mdogo wake, adui ni tonge moja. Na kuna kitu cha tatu, mzio wa ngano, ambao si siliaki: watoto wengi hupona mzio huo wakikua, siliaki ni ya maisha.

Niseme jambo moja kwa mama mwenzangu. Binti yangu alipokuwa na miaka miwili na nusu nikaambiwa ana zongo, yaani tumbo la jicho la husuda. Nikaambiwa ni minyoo, na dawa ya minyoo akanywa mara nne. Kisha yakaja yale yanayosemwa ukishageuza mgongo, kwamba mtoto amebemendwa. Mwanamke wa pwani anajua neno hilo linavyochoma, maana linamshitaki yeye na mumewe. Kama na wewe umelisikia, nakuambia wazi: hukumdhuru mtoto wako. Siliaki inatembea na damu ya ukoo. Mtoto mmoja akikutwa nayo, pimeni wazazi na ndugu zake wa tumbo moja, hata wasio na dalili, kwa sababu takriban mmoja katika kila kumi wao naye anayo.

Hatua ya kwanza: usimwondolee ngano kabla ya kipimo

Hili ndilo kosa langu kubwa. Binti yangu alikuwa na miaka mitano nilipoambiwa na ndugu yangu, "Mjaribu kumwachisha mkate uone." Nikamwachisha. Wiki ya tatu kuhara kukatulia, nikalia kwa furaha. Miezi minne baadaye ndipo nikaenda kupima, na majibu yakasema hana kitu.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Ngano anakula?"

Kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA. Kinatafuta silaha ambazo mwili unatengeneza ukiwa unapambana na gluteni. Ukimwondolea ngano, mapambano yanatulia na silaha zinapungua, kipimo hakioni kitu. Ikabidi arudi kula ngano kila siku kwa wiki nane. Nilimlisha kwa mkono wangu, andazi moja kila asubuhi, na ikifika saa nne anakuwa amejikunja juu ya mkeka, magoti kifuani, ananiuliza kama leo ni andazi la mwisho. Madaktari hawapendi kumrudisha kwenye ngano mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo ukikosea kwa mtoto mdogo zaidi unaweza kungoja majibu kwa miaka.

Basi mpangilio uwe huu. Anaendelea kula kama kawaida. Unakwenda kituo chako cha afya na kadi ya kliniki, unaonyesha mstari wa uzito ulivyolala, unaomba rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, aonwe na daktari wa watoto. Omba tTG-IgA ipimwe pamoja na IgA yote kwa jumla (IgA ni aina mojawapo ya silaha hizo za mwili), kwa sababu mtoto mwenye IgA kidogo kwa asili atatoa majibu safi ya uongo. Ukiambiwa kipimo hakifanyiki hapo, uliza kama damu inaweza kupelekwa kwenye maabara kubwa. Majibu yakiwa juu, kawaida hufuata kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi utumboni na kuchukua vipande vidogo vya nyama, na kwa hilo jiandae kwa safari ya Muhimbili au KCMC, Moshi. Siku hizi mtoto ambaye tTG yake imepita kiwango cha kawaida mara kumi au zaidi anaweza kuthibitishwa kwa kipimo cha pili cha damu bila kamera. Uamuzi huo ni wa daktari.

Kwa mzio, kipimo kikubwa ni maelezo yako. Andika daftarini: alikula nini, saa ngapi, kilitokea nini, baada ya dakika ngapi. Vipimo vya ngozi na vya damu vinasaidia, lakini vinaweza kuonyesha mzio wa vitu ambavyo mtoto anavila bila tatizo, na ukivifuata peke yake utamnyima mtoto vyakula vingi bure. Na usijaribu nyumbani kumpa kidogo ili uone.

Angalizo kwa watoto waliodhoofu: chakula dawa kinachotolewa kwa utapiamlo, kile cha pakiti, kimetengenezwa kwa karanga na maziwa. Kama mtoto amewahi kuvimba kwa karanga au maziwa, mwambie muuguzi kabla hajafungua pakiti.

Hatua ya pili: sinia la nyumba

Sisi tunakula sinia moja. Majibu yalipotoka nilimtenga binti yangu. Alikuwa na sahani yake ya bati na kigoda chake pembeni, nikaona nimemlinda. Akaanza kula kidogo. Siku moja nikamkuta amebeba sahani yake mpaka kwenye ukingo wa mkeka, ameiegemeza kwenye sinia letu ili vigusane.

Nikaamua kugeuza. Badala ya kumtoa mtoto kwenye sinia, nikaitoa ngano kwenye sinia, na korosho na karanga zikatoka nayo. Nakushauri ufanye hivyo kama uwezo unaruhusu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Ya pili ni mikono: kwenye sinia, mkono uliomega chapati ndio huo unaoingia kwenye mchuzi, na hakuna macho yanayoweza kuufuata kila tonge. Mume wangu chapati zake anakula kazini. Akirudi ananawa kwa sabuni, anasukutua, ndipo anabeba watoto.

Tenga siku moja ya kusafisha jiko. Moto hauui gluteni wala protini ya karanga, kwa hiyo kuchemsha chombo hakutoshi. Kinachoondoa ni sabuni, maji na kusugua. Sufuria za bati na za chuma laini, sinia, sahani za kioo na vijiko vya chuma vinasafishika, vibaki. Mwiko wa mbao, kibao cha kusukumia chapati, msukumio, kinu cha mti kilichowahi kutwanga karanga, na chekeche iliyowahi kuchekecha ngano, vyote hivyo vimenywa au vimeshika chembe, mgawie jirani. Chuma cha chapati chenye ukoko wa miaka nacho kiende. Kifumbu cha kukamulia nazi kilikuwa salama kwangu kwa sababu hakikuwahi kugusa kitu kingine. Mafuta yaliyokaangiwa sambusa au maandazi yamwagwe, hata yakichujwa.

Kama nyumba ni ya watu wengi na ngano haiwezi kutoka, basi mtoto awe na sufuria moja, mwiko mmoja, kikaango kimoja na chuma chake cha vitumbua, vyenye alama moja. Mimi nilifunga kitambaa chekundu kwenye mipini. Chakula chake kipikwe kwanza, kifunikwe, ndipo vipikwe vingine. Na unga wa ngano usichekechwe ndani wakati chakula chake kiko wazi. Vumbi lake linaning'inia hewani muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwa mtoto wa korosho na karanga jua pia kwamba kunawa kwa maji matupu hakutoi, na zile dawa za kupaka mikononi zinazokauka zenyewe hazitoi. Sabuni na maji ya kutiririka.

Hatua ya tatu: soko na mashine ya kusaga

Sokoni Mgandini simama dakika mbili mbele ya muuza nafaka umtazame mkono wake. Kopo lile lile linachota ngano, linaingia kwenye ulezi, linaingia kwenye karanga. Mimi naenda na kopo langu, na naomba nichotewe kutoka gunia linalofunguliwa sasa hivi. Wauzaji wangu wamezoea. Nyumbani nafaka napepeta, nachambua kwenye ungo punje baada ya punje, naosha, naanika kwenye mkeka safi.

Unga wa kusagwa ndio mtego ambao wengi hatuuoni. Mahindi hayana gluteni, ulezi hauna, mtama hauna, mchele hauna. Lakini mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu au uji wa lishe inabaki na unga wake ndani, na wewe ukifuata unaondoka nao. Tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake, uombe hivyo waziwazi, na kilo mbili za kwanza usizichukue za mtoto. Kiasi kidogo twanga kwa kinu kipya au saga kwa blenda. Unga wa dengu wa bhajia nausaga mwenyewe kutoka dengu kavu, kwa sababu wa dukani mara nyingine umechanganywa na ngano.

Uji wa lishe wa pakiti usimpe bila kusoma. Mwingi una ngano au shayiri, na karanga pia, yaani unawadhuru wanangu wote wawili kwa kikombe kimoja. Kwenye pakiti maneno mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo yajue kwa macho kama hukusoma sana: wheat, barley, rye, malt, semolina kwa siliaki, peanut, groundnut, cashew, nuts kwa mzio wa jamii hiyo. Maandishi ya kwamba bidhaa haina gluteni yana kipimo chake cha kimataifa, gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Vinywaji vya kimea vya chupa vina shayiri. Soseji, vipande vya viungo vya mchuzi na sosi ya soya visomwe kila unaponunua, si mara moja tu, maana viwanda hubadilisha. Uji wa oti hauna gluteni kwa asili ila karibu kila mara umechanganyika na ngano shambani au kiwandani, tumeuacha. Dawa pia: mwambie mfamasia, maana kidonge kinaweza kuwa na wanga wa ngano.

Hatua ya nne: ale nini

Hapa nina habari njema, na nasema kwa moyo wote. Mezani kwa bibi zetu ngano ilikuwa chache. Wali wa nazi, ugali, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, makande, mbaazi, kunde, samaki wa soko la Deep Sea, dagaa, mchicha, kisamvu: vyote hivi mtoto wa siliaki anakula mpaka ashibe. Wa karanga naye anakula, mradi mchicha na kisamvu viungwe kwa tui. Na nazi si jamii moja na korosho wala karanga. Watu wengi wenye mzio wa jamii hizo wanakula nazi bila shida. Muulize daktari kuhusu wa kwako, usimnyime mtoto wa Tanga nazi kwa kukisia.

Tabu ni kifungua kinywa. Chapati, mahamri, mkate wa dukani vyote vimeondoka. Vilivyobaki ni chila, mkate wa kumimina na vitumbua, na mimi asubuhi tatu kwa wiki napika vitumbua. Mchele vikombe viwili naloweka usiku. Alfajiri nausaga na tui zito kikombe kimoja hivi, iliki, sukari, hamira kijiko kimoja cha chai, na vijiko viwili vya wali uliokwisha iva. Huo wali ndio siri. Wauzaji wengine hutia ngano kidogo ili kitumbua kishikane, na ndiyo maana vya kununua binti yangu hali; wali unafanya kazi hiyo hiyo. Saga mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga. Funika, acha uumuke mpaka juu kuwe na mapovu kama ya maji ya mwamba. Chuma kikipata moto, tone la mafuta kila shimo, mimina, na ukiona pembeni pamekauka na katikati bado panatetema, geuza kwa kijiti. Akila na mbaazi za nazi hakumbuki hamri.

Mkate wa kumimina wengine hutia yai. Kama mzio wa mtoto ni yai, uache. Na kwa mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, usidanganywe na maziwa ya mbuzi. Wazee wetu wanayaamini, lakini protini zake zinafanana mno, na watoto wengi wenye mzio wa ng'ombe watapata mzio kwa mbuzi vilevile.

Ngano ikitoka, kuna kitu kizuri kinachotoka nayo. Unga wa ngano wa viwandani nchini mwetu unaongezewa madini ya chuma na foliki asidi, na mchele tunaousaga wenyewe hauna nyongeza hiyo. Kwa hiyo maini mara moja kwa wiki, dagaa, kunde na majani ya kijani viwe vya lazima, na embe, chungwa au pera karibu na mlo ili chuma kinyonywe vizuri. Miezi ya kwanza utumbo wa siliaki ukiwa bado mbovu, maziwa yasiyo mtindi yanaweza kumharisha. Mara nyingi hiyo hupita utumbo ukipona. Binti yangu sasa anakunywa mtindi kila siku.

Hatua ya tano: siku mdogo akivimba

Hii sehemu ikariri wewe na kila anayebaki na mtoto. Dawa inayookoa ni adrenalini ya sindano. Ile ya kalamu inayojichoma yenyewe ni ghali na ni adimu. Kama huipati, mwombe daktari akuandikie ya kichupa pamoja na sindano, akufundishe, na akuwekee alama ya kiasi. Kiasi hufuata uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, na mtoto akiongezeka kilo alama ibadilishwe. Mimi daktari alinichorea mstari mwekundu kwenye bomba la sindano, nikajifunza kwa maji na machungwa ya Muheza mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Dada wa kazi naye alijifunza kwa machungwa hayo hayo.

Ukiona pumzi inakoroma, sauti imebadilika, ulimi umevimba, mtoto amelegea, au vipele pamoja na kutapika baada ya kula kinachomdhuru, fanya hivi:

1. Choma paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti. Hata juu ya nguo nyepesi ikiwa ni kalamu. Usingoje uone itakuwaje.
2. Mlaze chali, inua miguu. Akishindwa kupumua, mkalishe akiegemea. Akitapika au akizimia, mlaze ubavu. Asisimame na asitembezwe, hata akisema amepata nafuu. Kusimama ghafla kumeua watu.
3. Aitwe mwenye gari au bajaji. Bodaboda haifai kwa mtoto aliyelegea.
4. Kama baada ya dakika 5 hadi 15 hajapata nafuu, choma ya pili.
5. Hospitali aende hata akiwa anacheka. Hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo akae chini ya uangalizi.

Dawa ya mzio ya kumeza, setirizini na nyinginezo, inatuliza kuwasha tu. Haifungui koo. Maziwa, mkaa, kutapishwa kwa kidole, vyote vinapoteza dakika.

Adrenalini inaharibiwa na joto na mwanga, na Tanga yetu mwezi wa pili mnaijua. Isikae dirishani, isiachwe kwenye bajaji, isigandishwe. Yangu iko kwenye kibweta cha bati, chumba chenye kivuli, urefu ambao mtu mzima anafika na mtoto hafiki, na kila mwanzo wa mwezi naangalia tarehe na rangi. Maji yakiwa ya kahawia, hiyo imekwisha. Tukitoka, mfuko unatoka nasi.

Hatua ya sita: watu

Mama mkwe wangu ndiye aliyenishinda kwa muda mrefu. "Mkaza mwanangu," alikuwa akiniambia, "mtoto wa Kiswahili asiyekula hamri ataishije? Hayo maradhi ya Kizungu mmeyatoa wapi?" Nilimjibu kwa ukali mara nyingi na haikusaidia. Kilichosaidia ni kisa. Nilimsimulia habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye tangu miaka ya 1930 alishuku ngano. Ikaja njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukakosekana nchini kwao, na watoto wa namna hii wakaonekana kupata nafuu wakati wengine wanadhoofu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Na nikamwambia kwamba miongoni mwa watoto waliokutwa na siliaki kwa wingi zaidi duniani ni wa Sahara Magharibi, Waislamu wenzetu wanaokaa kambini jangwani. Katika uchunguzi uliotangazwa 1999 walikuwa kama mmoja kati ya kila 18. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo njaa ndiyo iliyowafichua?" Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wangu mkali kuliko wote.

Kwa hiyo ushauri wangu: mzee usimpe amri, mpe kazi. Mwombe awe ndiye mpika vitumbua vya mjukuu. Mwombe ashike ufunguo wa kibweta.

Shuleni nenda mwenyewe kabla muhula haujaanza, na shikamoo kwa mwalimu mkuu, barua moja ya daktari na karatasi moja yenye picha ya mtoto, kinachomdhuru, dalili na la kufanya. Uji wa shule uulize umesagwa na nini. Makande hayana neno. Usisahau mama anayeuza maandazi getini. Nilikaa naye nusu saa na sasa mwanangu akija na shilingi zake anamuuzia ndizi. Ustadhi wa madrasa naye ajue, hasa karibu na Maulidi, siku ambazo halua na visheti vinapita mkono kwa mkono. Halua kwa kawaida hupikwa kwa wanga usiokuwa wa ngano, lakini hutiwa lozi au korosho, kwa hiyo mdogo haigusi kabisa.

Ramadhani ni ngumu kuliko miezi mingine: tambi, kaimati, sambusa, bokoboko, vyote ngano. Futari yetu ni mihogo, magimbi, viazi vya nazi, kachori za unga wa dengu, na tukialikwa naenda na bakuli letu lililojaa, si la mtoto peke yake bali la kutosha watu wengine waonje. Harusini nawahi jikoni. Nawasalimu wapishi, nauliza kilichotiwa kwenye pilau, namchotea mtoto moja kwa moja kutoka chunguni kabla masinia hayajatengwa. Sijawahi kukataliwa.

Kliniki hatujaiacha. Uzito na kimo vinapimwa, tTG ilirudiwa baada ya miezi sita na sasa ni kila mwaka. Ilichukua karibu mwaka na nusu kushuka mpaka kawaida. Usikate tamaa ikichelewa. Rudi ukaangalie mashine ya kusaga na mwiko.

Watoto wenyewe nao wafundishwe maneno ya kusema, mapema, kwa adabu ya kwetu, ili kukataa kusiwe kiburi. Binti yangu anasema: "Ahsante bibi, Mungu akuzidishie, ngano inaniumiza tumbo, naomba maji tu." Mdogo anaficha mikono nyuma na kusema, "Mpaka mama aone." Tuliyafanyia mazoezi nyumbani, mimi nikiwa jirani mwenye sahani.

Idi iliyopita walizunguka nyumba kumi na moja wakitafuta mkono wa Idi. Kwenye nyumba ya tatu, bibi mmoja wa mtaa wetu, mzee sana, aliwatolea bakuli lililofunikwa kitambaa, akaniambia ameliweka pembeni tangu alfajiri kabla hajagusa visheti wala karanga, na mikono aliosha kwa sabuni mara mbili. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikafunua. Ubuyu na ndizi za kuiva. Nilimuuliza ubuyu ameununua wapi na kama ulikaa karibu na korosho. Akanionyesha mfuko wake, alikuwa ameuhifadhi makusudi ili nisome.